Kiboko wa Kalenda ya Nasor

Nyakabiga, Bujumbura
9 Novemba 2023

Dada yangu Adija,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Habari ya afya yako, na yale magoti? Na masikio je? Tangu uliponiambia simu inakupigia kelele tu kichwani bila maneno, nimerudia kalamu, na mwandiko wangu utausamehe, we unajua shule niliishia darasa la sita. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Khadidja mke wangu anakusalimu sana. Mjukuu wetu Aya ameng'oka jino la kwanza, akalizika uani, akataka tulisomee dua kama maiti. Ziwa nalo limezidi kupanda. Viboko wanatembea barabarani usiku kama watu wa doria.

Sasa nikuambie. Juzi nilitoka na Gélase. Ndiyo, Gélase wetu, yule aliyekuwa akifuturu kwa mama pamoja na sisi na msalaba wake shingoni. Siku hizi ana boti ya mbao na moteri, na mi studio ya harusi hainitoshi moyo, nimependa picha za wanyama wa ziwani. Tulikwenda upande wa mdomo wa mto Rusizi.

Kiboko, dada, hapigwi picha kama bibi harusi. Bibi harusi unamwambia ageuze shingo, anageuza. Huyu unamsubiri. Gélase anazima moteri mbali, maji yanatusogeza yenyewe. Mi nalala kifudifudi mbele ya boti, viwiko juu ya mbao, ili macho yangu yawe sawa na macho yake. Ukimpiga umesimama anatoka kama jiwe lililosahauliwa kwenye beseni. Na simweki katikati. Naacha maji mbele ya pua yake, apate mahali pa kwenda. Yaliyozidi nayakata nyumbani kwenye ordinateri, ile kompyuta yangu: ukingo wa boti, chupa ya plastiki inayoelea, kidole cha Gélase.

Walikuwa madume wawili. Mmoja mzee, tunamjua miaka mingi, sikio lake la kushoto alilipoteza zamani. Mwingine mgeni, mpana kama Hiace. Wakafunua vinywa, meno yakagongana kama nyundo juu ya reli. Mzee akamchana mgeni sikio. Mgeni akaingiza meno ubavuni mwa mzee akavuta, na niliona mbavu nyeupe kabla damu haijajaa. Mzee akakimbilia kusini, maji yote nyuma yake mekundu. Nilidhani yameisha. Yule mgeni akageuka, akamkamata mtoto wa kiboko aliyekuwa pembeni na mama yake, akamng'ata kiunoni, akamtikisa kama kitambaa, akamwacha aelee. Hapo ndipo nilipompiga picha yule mgeni, kinywa wazi, sikio linaning'inia, tone la damu liko hewani. Gélase hakuona kitu. Alikuwa ameinama anavuta kamba ya moteri iliyokataa kuwaka, anamwita Maria.

Nakutumia picha mbili kwa mkono wa Moubarak dereva. Najua hutundiki picha yenye kichwa cha kiumbe, kwa hiyo moja nimemkata kichwa, umebaki mgongo tu juu ya maji. Nyingine ni nzima, iweke sandukuni. Ndiyo ya kwanza kabisa kutoka kwenye mashine. Nasor, yule Mwarabu wa duka la vitambaa, ameshaiona na anaitaka kwa kalenda yake ya mwaka mpya.

Ndugu yako,
Hamimu


Kigoma
3 Januari 2024

Mdogo wangu Hamimu,

Waalaykumu salaam. Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa magoti, na hayo nimeshakubaliana nayo kwamba yatakufa kabla yangu. Masikio ni yaleyale. Binti wa jirani ananifokea siku nzima akidhani nimekasirika, nami nadhani amekasirika yeye. Mwambie Aya jino nimelisomea Fatiha.

Mgongo wako nimeutundika sebuleni. Mgeni mmoja aliuliza huo ni mlima gani, nikamwambia uko Burundi, akatikisa kichwa kwa heshima.

Ile nyingine nimeiangalia mara tatu na kila mara nimeifunika. Umekata kila kitu isipokuwa damu. Naona maji mbele ya pua yake kama ulivyosema, ana mahali pa kwenda. Lakini mahali penyewe si ndipo mlipokuwa nyinyi? Boti ilikuwa umbali gani, Hamimu? Picha haisemi, na wewe hukusema. Mwambie Gélase asikutii kila unapomwambia asogee. Msalimie yeye na mdogo wake Sylvère, nasikia ameoa.

Dada yako,
Adija


Nyakabiga
18 Februari 2024

Dada yangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Natumaini u mzima. Sisi tu wazima kwa mwili, lakini nakuandikia na mkono mzito. Sylvère amekufa.

Alikuwa kwenye mtumbwi na wenzake wawili, wanatega nyavu karibu na matete, jua ndiyo kwanza linatoka. Kiboko alitokea chini. Mtumbwi ulivunjika kama kuni kavu, na wenzake waliogelea. Sylvère alishikwa kiunoni. Walichokileta ufukweni kilikuwa vipande viwili. Gélase ndiye aliyeviweka pamoja kwenye shuka, akakataa mtu asimsaidie, akawa anamfunga kama anayefunga mtoto mgongoni.

Wale wawili walisema ni dume kubwa lenye sikio lililochanika. Ukiuliza sikio gani, nani anakumbuka sikio wakati mtu anakatwa mbele yake? Mmoja akasema, ni yule wa kalenda ya Nasor. Basi wakaja watu wenye bunduki waliotumwa kumsaka, kalenda mkononi, hadi studio kwangu. Wakauliza kama picha ni yangu. Nikasema ni yangu, nilimpiga kwa mkono wangu. Sikio gani? Nikaweka kidole juu ya karatasi: la kushoto.

Walimkuta kwenye mdomo wa mto Kanyosha, amelala matopeni peke yake. Hakukimbia. Risasi ya kwanza ilimpiga taya, akatoa mlio kama mlango wa bohari ukiburutwa. Hawakuacha kupiga. Alipotulia watu walimpanda na mashoka na mapanga, watoto wakicheza juu ya mgongo. Irène, mke wa Sylvère, alinyang'anya mtu shoka akampiga kichwani, akapiga, akapiga, mpini ukavunjika, akaendelea na kipande cha mpini. Halafu akaja kwangu na damu hadi viwikoni, akanishika mikono miwili. "Asante kwa picha yako, mzee Hamimu. Leo nitalala."

Nyama ilikwisha yote. Sisi hatukugusa, unajua. Gélase naye alikataa, akasema hawezi kumla aliyemla mdogo wake. Kiboko hali mtu, lakini sikumsahihisha.

Msikitini imamu alinitaja kwa wema. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Sikio la yule mnyama lilikuwa limekauka kabisa, kingo ngumu kama soli ya kiatu. Vidonda vya wanyama vinapona upesi kuliko vyetu, subhanallah.

Nakutumia kalenda, uwe na tarehe za Idi mbele yako.

Hamimu


Kigoma
13 Machi 2024

Mdogo wangu,

Waalaykumu salaam, na Ramadhani njema kwenu nyote. Mimi nimeianza vizuri, njaa hainisumbui, kinachonisumbua ni kuinuka kutoka sijida. Nimelia kwa ajili ya Sylvère. Namkumbuka alivyokuwa akijificha chini ya meza ya mama na mdomo umejaa. Mpe Gélase mkono wangu, na umwambie nitamwandikia nikipata maneno.

Hamimu, sasa nisikilize. Nilitoa ile picha sandukuni nikailaza kitandani, kando yake nikaweka kalenda. Kwenye picha, mnyama anaelekea upande wa mkono wangu wa kulia, na sikio lililochanika ni lake la kulia. Kwenye kalenda anaelekea kushoto, na sikio ni la kushoto. Damu ni ileile. Tone lile lililoko hewani ni lilelile. Nilimwita binti wa jirani ili isiwe ni uzee wangu, naye akasema hivyohivyo, tena bila kufoka.

Halafu nikarudia barua yako ya kwanza. Si wewe uliyeniandikia kwamba yule mzee, aliyeshindwa, alikosa sikio la kushoto zamani? Na kwamba alikimbilia kusini na ubavu wazi? Na huyu wa Kanyosha alikuwa peke yake, sikio limekauka kama soli.

Mmemuua nani? Na yule mwingine yuko wapi? Gélase anajua?

Nijibu hayo matatu. Habari nyingine zitangoja.

Adija


Nyakabiga
2 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa Adija,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nimefurahi sana kusikia saumu inakwenda vizuri. Huku Khadidja anakaanga sambusa kila alasiri, nyumba nzima inanukia hadi mtu anatamani kuhamia kwa jirani. Aya anafunga hadi adhuhuri halafu anasema ameshamaliza mbili. Mafuta ya gari hakuna kabisa, foleni za magari zinalala mpaka watu wamezoeana humo. Moubarak anasema akipata ya kufika Mabanda karibu na mpaka anamshukuru Mungu, hiyo barua yako ndiyo maana ilichelewa. Mvua haikatiki. Maji yameingia kwenye nyumba za watu karibu na ufukwe.

Kuhusu lile uliloliuliza.

Ni ukuta wa Nasor. Nilipompelekea picha kubwa ya kutundika dukani, alisimama mbele ya ukuta, akapima na mkono wake, akaniambia: "Matako ya mnyama yanaangalia kibla, Hamimu. Watu wanaswali humu. Mgeuze." Nikacheka, lakini nikaona ana haki. Kwenye ordinateri ni kubonyeza mara moja tu, mnyama anageuka kama aliyejiona kwenye kioo. Na kalenda zikatoka hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo aliyoipenda. Kamera yangu nilishaifuta kwa ajili ya harusi, na ile iliyokuwa kwenye ordinateri nilihifadhi juu yake ile iliyogeuzwa. Iliyonyooka ni moja tu duniani, hiyo yako.

Wallahi, waliponiuliza sikio gani sikudanganya. Nilikuwa nimemwangalia kwenye kalenda kila siku, kila duka, hadi nikasahau kwamba nilimwona kwa macho.

Lakini dada, jiweke mahali pangu. Irène sasa analala. Watu wanapata samaki tena, wanasema adui amekwisha. Nikisimama leo nikasema apana, mulimuua mwingine, nimerudisha msiba kwa kila nyumba. Yule mgeni hajaonekana. Labda amevuka upande wa Congo, wanafanya hivyo. Nitasema baada ya Idi, mioyo ikiwa laini. Nimenuia hivyo mbele ya Mungu.

Gélase anatengeneza boti, anataka kurudi majini baada ya Idi. Anakusalimu.

Hiyo picha iweke mbali. Au afadhali uichome, mnyama mwenye kichwa hana faida nyumbani.

Hamimu


Kigoma
16 Aprili 2024

Hamimu,

Salaam ni wajibu, kwa hiyo nakusalimu. Magoti yangu usiyaulize.

Nimekuuliza matatu, umenijibu sambusa.

Sikuichoma. Nimeitia kwenye bahasha, nimeifunga kwa gundi, nimeandika jina la Gélase, na ndani nimemweleza kila kitu kwa maneno mafupi ili asihitaji kuyasoma mara mbili. Moubarak ameapa kumpa mkononi mwake. Barua yako hii na bahasha yake zinasafiri katika mfuko mmoja. Ulitaka kumwambia baada ya Idi. Idi imepita. Ukiwa umeshamwambia, bahasha yangu haitamwongezea kitu. Ukiwa hujamwambia, hilo ni lako na yeye.

Mama alikuwa anawapakulia bakuli moja, wewe na yeye. Mimi ndiye niliyekuwa naliosha.

Adija


Nyakabiga
8 Mei 2024

Dada yangu Adija,

Assalamu alaykum. Nakuombea uwe mzima. Mwandiko huu ukiona unapanda na kushuka, vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kwenye kijiti. Khadidja ananishikia karatasi.

Mfuko wako ulilala Mabanda wiki nzima kwa kukosa mafuta. Kabla haujafika, Gélase alishaniambia anatoka. Sikuweza kumzuia bila kusema, na sikuweza kusema pale, mbele ya watu wanampigia makofi kwa kurudi. Nikasema moyoni, nitakwenda naye, nitamwambia tukiwa majini wawili tu. Nilichukua na kamera, isionekane kitu.

Tulikuwa tunakaribia matete. Nikamwambia, Gélase, kuna neno. Akanigeukia, anatabasamu, akidhani nataka asogee nipate picha. Akasogeza boti.

Upande wa nyuma ukanyanyuka. Sikusikia kishindo, niliona tu anga mahali palipokuwa na maji. Gélase alianguka, na kabla hajafika mbali kinywa kilifunga juu ya paja lake. Nilisikia mfupa. Nikachukua kasia nikampiga mnyama pua, jicho, nikapiga hadi kasia likakatika, na kichwa kilikuwa karibu na goti langu, sikio la kulia limepasuka katikati, nyama yake bado ni ya waridi. Gélase alikuwa analitazama. Hakuwa anapiga kelele tena, alikuwa analitazama lile sikio. Mnyama akamwachia, akauma ubao wa boti akaung'oa, na wavuvi wakaja wanapiga mabati na masufuria mpaka akazama. Nilimkaba Gélase paja kwa kilemba changu hadi nchi kavu. Damu ilinijaa viatuni.

Hospitali wamemkata mguu juu ya goti.

Moubarak alifika akamtafuta ufukweni, hakumkuta, akaacha bahasha kwangu studio. Yako nilisoma nimesimama. Ya Gélase nilikuwa nayo mfukoni nilipompelekea chai na mkate, nikarudi nayo. Siku ya pili nikaenda nayo tena. Dada, sitakuficha, nilikaa kando ya kitanda kile nikawaza namna ya kuipoteza. Akaniomba nimwinue mto. Nilipoinama bahasha ikaonekana, akaona mwandiko wako, akanyoosha mkono. Nikampa.

Aliiangalia picha kwanza, halafu maneno yako.

"We Hamimu. Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Kabla mi na we tupande boti?"

"Ndiyo."

Akailaza picha kifuani, mnyama akiangalia chini. Nilitaka anitukane, mi namjua akitukana anapoa. Hakunitukana.

"Jioni hii bale watu banatoka na nyavu," akasema. "Enda ubaambie. Mi usinisemeshe mpaka ubaambie."

Nilikwenda na kalenda mkono mmoja, na ile picha mkono mwingine, aliniazima kwa sharti la kuirudisha. Waliikusanyikia. Mwanzo hawakuelewa. Nikaeleza ukuta wa Nasor, nikaeleza kibla, nikaeleza kioo. Mmoja alicheka, akaniuliza kama ningemgeuza na mkewe anenepe upande wa pili. Irène alikuwa pale anakausha ndagala, dagaa wetu wa huku. Yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza. Nilimwona anaangalia mikono yake.

Aliokota kasia akanipiga usoni. Baada ya hapo sijui nani alipiga nini. Nilianguka, wakanipiga mbavu, wakanikanyaga mkono, kamera wakaivunja juu ya moteri ya mtu, jino la mbele limekwenda. Nilikuwa nasema shahada. Irène ndiye aliyewaambia waache, akasema, "Muacheni aishi, atatuonyesha." Jioni ile hakuna boti iliyotoka. Hilo angalau nililipata.

Picha nimemrudishia Gélase. Ameipokea bila kunitazama. Amemwambia muuguzi aniambie kwamba wewe umwandikie.

Leo wale watu wenye bunduki wamekuja nyumbani. Nilidhani wanataka picha nyingine. Mkubwa wao alisema, "Mambo ya picha basi. Kesho utapanda na sisi, utakaa mbele, utatuonyesha na kidole." Kwa hiyo kesho baada ya alfajiri natoka nao. Wavuvi wote watakuwa ufukweni. Irène pia.

Mnyama namwogopa, sikatai, usiku huu nimesikia ule mfupa mara nyingi. Lakini ninachokiogopa zaidi ni pale kichwa kitakapotoka majini, masikio mawili na maji yanatiririka, wote wamenigeukia wananiuliza ndiye huyu, vidole viko kwenye bunduki. Jioni hii nilisimama mbele ya kioo cha Khadidja, nikagusa sikio langu la kulia, na nikaona nimekosa uhakika ni lipi. Khadidja amenishika mkono wa kulia, akaniambia, huu hapa, ushike hivi hivi mpaka urudi. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu nipigwe.

Niombee dua, dada yangu. Na mwandikie Gélase. Nami pia nijibu upesi, Moubarak anaondoka tena mafuta yakipatikana, hata kama ni mstari mmoja.

Mdogo wako,
Hamimu